Mzee Hataki Kusikia Habari ya Kliniki: Namna ya Kumshawishi Bila Kugombana

Karibu kila ukoo una mzee wa namna hii. Amepimwa presha kwenye zoezi la uchunguzi wa bure pale uwanja wa shule, mashine ikasoma 170 kwa 100, akaandikiwa kikaratasi aende hospitali ya wilaya. Kikaratasi kimefuliwa pamoja na shati. Watoto wamepiga simu kwa zamu, wa Dar, wa Mwanza, hadi yule wa Muscat, kila mmoja na hotuba yake. Mzee anaitikia "sawa mwanangu, nimekusikia", anakata simu, anarudi kwenye bao.

Hapo ndipo watu husema sikio la kufa halisikii dawa, wakanawa mikono. Mimi naona methali hiyo inamwonea mzee. Amesikia vizuri sana. Alichosikia ni kwamba watoto aliowalea sasa wanampangia maisha, na hicho ndicho alichokataa. Kliniki yenyewe bado hamjaijadili.

Mwongozo huu ni wa mtoto, mkwe, mjukuu au mpwa anayetaka mzee mwenye presha ya kupanda aanze matibabu na asiyaache njiani. Nimechagua presha kwa makusudi, maana ni ugonjwa unaompa mtu kila kisingizio cha kukataa: hauumi, hauonekani, dawa zake zinamezwa kila siku wakati mwenyewe anajiona mzima. Halafu, ukiachwa miaka, unaleta kiharusi, moyo kushindwa kazi, au figo kuharibika.

Kabla hujafungua mdomo

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza jambo ambalo kila mama aliyewahi kumkataza binti yake mchumba analijua. Mtu akihisi uhuru wake wa kuamua unabanwa, anaanza kuupigania huo uhuru, na lile jambo zuri aliloshauriwa linabaki pembeni. Anaweza hata kufanya kinyume chake ili tu ionekane kwamba bado yeye ndiye mwenye usemi.

Kwa mzee wa kwetu hili lina uzito zaidi. Huyu alikuwa mwamuzi wa nyumba: nani asome wapi, shamba lipi liuzwe, posa ipi ipokelewe. Sasa amestaafu, mafao yamekwisha, simu ya kupangusa inamshinda, fedha ya matumizi inatumwa na watoto. Maamuzi aliyobaki nayo yanahesabika: anakula nini, analala saa ngapi, anaumwa au haumwi. Ukitaka kumnyang'anya na hilo la mwisho, tegemea vita.

Kingine: ukimwaga sababu kumi za kwenda kliniki, unamlazimisha atafute kumi za kutokwenda. Na kila anapozitaja anazisikia kwa sauti yake mwenyewe, zinamwingia. Daktari wa saikolojia William Miller, aliyekuwa akiwahudumia watu waliolemewa na pombe, aliligundua hili na mwaka 1983 akachapisha maelezo ya kwanza ya namna nyingine ya kuongea na mgonjwa, ambayo baadaye aliiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Katika njia hiyo mshauri hajazi hoja. Anauliza na kusikiliza kwa namna itakayomfanya mgonjwa ndiye azitaje sababu za kubadilika. Hatua nyingi zinazofuata zimesimama juu ya hilo.

Ila kuna hali ambayo ushawishi hauna nafasi kabisa. Kama presha inasoma 180 kwa 120 au zaidi na mzee ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida au amechanganyikiwa, au kama ghafla mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawasawa (hata kama hajapimwa presha), mpakie kwenye gari uende hospitali muda huo huo. Heshima na mazungumzo mtayakuta mkirudi.

Hatua ya 1: Jua anakataa nini hasa

"Sitaki kliniki" ni kifuniko tu. Chini yake huwa kuna jambo mahususi, na mara nyingi si lile unalodhani. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi:

Anaogopa kuambiwa dawa ni za maisha. Kwake yeye, kuanza dawa ya kila siku ni kukubali rasmi kwamba sasa ni mgonjwa.

Jirani yake alianza vidonge mwezi wa tatu, mwezi wa tano akazikwa. Katika hesabu ya mtaani, vidonge ndivyo vilivyoua. Kwamba jirani huyo alianza matibabu akiwa amechelewa sana, hilo halisemwi msibani.

Anafikiria fedha na hataki kuomba. Mzee aliyezoea kutoa hawezi kutamka "sina nauli", kwa hiyo anasema "sina ugonjwa".

Amesikia kwamba dawa za presha zinapunguza nguvu za kiume. Hili usilicheke wala usilikanushe kwa pupa, kwa sababu baadhi ya dawa hizo kweli zinaweza kuleta tatizo hilo, na daktari akiambiwa anaweza kubadilisha. Tatizo ni kwamba baba hawezi kulisema mbele ya binti yake. Atakuambia foleni ni ndefu.

Anatumia kitunguu saumu, mlonge au maji ya dua, na anahisi ukimtaja daktari unaidharau imani yake.

Kila sababu ina jibu lake. Anayekosa nauli ukimpa somo kuhusu mishipa ya damu mnapoteza muda wote wawili. Kwa hiyo mara ya kwanza nenda kuuliza tu, na jizuie kabisa kujibu. Kama huwezi kuuliza wewe, mtume anayeweza. Mama anajua, ndugu wa mzee anajua, rafiki yake wa kahawa anajua zaidi ya wote.

Hatua ya 2: Amua nani aseme

Hapa familia nyingi huteleza. Zinamchagua aliyesoma zaidi au mwenye fedha zaidi. Mzee hampimi msemaji kwa digrii. Anampima kwa kuangalia kama mtu huyu anamheshimu, na kama ana faida yake binafsi katika jambo hilo. Mtoto anayelipa bili ana faida. Anayetaka mzee ahamie mjini ana faida. Neno lao linapokelewa likiwa tayari limepungua uzito.

Fikiria watu wa aina tatu. Kwanza, mzee mwenzake anayetumia dawa na bado analima, anapanda baiskeli, anaongea. Huyu ana nguvu kuliko daktari bingwa, kwa sababu mzee anajiona ndani yake. Kama hofu ni nguvu za kiume, huyu ndiye pekee anayeweza kulizungumza hilo kwa kicheko na likaisha.

Pili, mtu ambaye kwa mila ana ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Sisi tuna hazina ya utani ambayo wenzetu wa vitabuni hawana. Mpare anaweza kumwambia Mchaga, "Wewe unaogopa nauli ya kliniki, unadhani utazikwa na hizo hela?" na wote wakacheka, na neno likabaki. Mjukuu naye ana utani na babu. Binti wa miaka minane akisema "Babu, mimi nataka unione nikivaa joho", babu hana pa kukimbilia. Lakini usimfundishe mtoto maneno ya kukariri. Wazee wananusa maigizo haraka.

Tatu, kaka au dada wa mzee, shangazi, au kiongozi wa dini anayemsikiliza. Kwa yule wa maji ya dua, shehe au mchungaji akimwambia dua na dawa vinakwenda pamoja, lile pambano kati ya imani na hospitali linakwisha bila wewe kuligusa.

Na kile kikao cha familia? Kinaweza kusaidia au kuharibu kabisa, inategemea kimeendeshwaje. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kurt Lewin alifanya utafiti Marekani ili akina mama wa nyumbani wakubali kupika nyama za ndani kama moyo na figo, kwa kuwa nyama ya kawaida ilikuwa ya mgawo. Kundi moja lilipewa mhadhara mzuri wenye faida zote za lishe. Kundi jingine lilikaa likajadili lenyewe vikwazo, harufu, waume watasemaje, kisha waliokuwa tayari kujaribu wakanyoosha mikono. Baadaye, waliopika kutoka kundi la mhadhara walikuwa 3 tu katika kila 100. Kutoka kundi la majadiliano walikuwa 32. Kikao cha kumzunguka mzee sebuleni, watoto saba wakitoa hotuba kwa zamu, ni ule mhadhara. Ukiitisha kikao, kiwe cha kupanga afya ya familia nzima: nani ana presha, nani ana sukari, nani hajapima. Watoto wavute mikono ya mashati wapimwe kwanza. Mzee apewe nafasi ya kuwa mwenyekiti, si mshtakiwa.

Hatua ya 3: Chagua saa

Usimwanzishe kwenye simu iliyowekwa sauti ya nje, wala mbele ya wageni, wala siku ile ile umemletea fedha, maana itaonekana umenunua haki ya kumwamrisha. Baada ya chakula, barazani, mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi kidogo kama kupukuchua mahindi au kuchambua mchele, maneno hutoka vizuri. Mkitazamana macho kwa macho inakuwa mahojiano ya polisi.

Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Hapa nitakaa kidogo. Tazama mazungumzo haya ya mfano, kati ya binti na baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Baba, kuna jambo la afya yako nilitamani tuliongee. Kama leo si siku yake, niambie tu, tutaliongea siku nyingine."

"Ya presha hayo. Sema."

"Sikuja kusema. Nimekuja kukusikia wewe. Siku ile walipokuambia 170, uliwaza nini?"

"Niliwaza mashine mbovu. Jana yake nilibeba magunia. Mgonjwa anabeba magunia?"

"Kwa hiyo ukijitazama, nguvu unazo, shamba unalima, huuoni huo ugonjwa."

"Sasa! Unaongea." Akanyamaza. "Ingawa hata marehemu kaka alikuwa hivi hivi. Akaanguka chooni."

"Ba'mkubwa naye alikuwa na nguvu zake."

"Alikuwa ananizidi. Halafu miaka miwili kitandani. Mama yenu mkubwa anamgeuza kama mtoto mchanga. Mimi sitaki kugeuzwa."

Angalia binti alichofanya. Aliomba ruhusa, na ruhusa hiyo ilikuwa ya kweli: angeambiwa leo hapana, angeondoka. Aliuliza swali lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Baba alipolaumu mashine, hakuitetea mashine. Alimrudishia maneno yake kwa upole, na mzee alipoona hana wa kubishana naye, akajigeukia mwenyewe: "Ingawa hata marehemu kaka..."

Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Ulimi utakuwasha kusema "Si unaona? Ndiyo maana tunakuambia!" Ukisema hivyo umeua kila kitu, mzee atarudi kwenye magunia yake. Binti alitaja tu ba'mkubwa na nguvu zake, akaacha ukimya ufanye kazi. Ndipo likatoka lile lililokuwa chini ya yote: sitaki kugeuzwa. Hili neno ni lake. Hakuna mtoto angeweza kumpa sababu yenye nguvu kuliko hiyo, na kuanzia sasa ndiyo mtakayoitumia. Usimwambie tena habari za figo na takwimu. Msaidie asije akageuzwa.

Kama mazungumzo yamekwama, kuna swali moja linalofaa sana. Mwambie: "Tuseme ni maksi, kutoka sifuri hadi kumi. Kupima tena presha unakupa maksi ngapi kwa umuhimu?" Tuseme anajibu nne. Watu wengi hapo huuliza "Mbona nne tu?", naye ataeleza kwa nini jambo lenyewe ni dogo. Wewe uliza kinyume: "Mbona hukutoa moja?" Ili ajibu, inabidi ataje sababu za kupima. Akizitaja, zimekuwa zake.

Funga kwa kumrudishia usemi wake, na umaanishe: "Basi baba, uamuzi ni wako. Mimi nipo kwa lolote utakaloamua." Watafiti wawili wa Ufaransa, Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual, waliwahi kuomba wapita njia fedha za nauli ya basi. Walioombwa kawaida, walitoa kama 10 katika kila 100. Walipoongezewa maneno kwamba wako huru kukubali au kukataa, waliotoa wakafika karibu 47. Ombi lile lile, fedha ile ile. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000, nami kila nikiusoma namkumbuka muuzaji wa mitumba anayesema "Jaribu tu dada, si lazima ununue."

Hatua ya 5: Omba kitu kidogo, kisha kiache kikue

Usimwombe aanze matibabu. Mwombe apime, basi.

Kule California, Jonathan Freedman na Scott Fraser waliwaomba wenye nyumba waruhusu bango kubwa, baya, la kuhimiza uendeshaji salama lisimikwe uani kwao. Waliofikiwa moja kwa moja, walikubali 17 tu katika kila 100. Lakini wale ambao wiki mbili kabla walikuwa wamekubali kubandika kikaratasi kidogo chenye ujumbe unaofanana, walikubali 76. Hiyo ilikuwa 1966. Maelezo yao ni kwamba mtu akishafanya tendo dogo kwa hiari, anaanza kujiona ni mtu wa mambo hayo.

Kwa mzee, tendo dogo ni daftari. Tafuta mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkono wa juu, iwe ya kuazima, ya kuchangia familia, au ya duka la dawa la jirani. Muulize kama angependa ajue mwenyewe ukweli wa ile mashine aliyoiita mbovu. Wazee wengi hukubali kwa sababu wanataka kuthibitisha kwamba walikuwa sahihi. Mwache athibitishe.

Lakini ipimwe sawasawa, la sivyo mtabishana juu ya namba zisizo na maana. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Aende haja ndogo kwanza. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na si juu ya shati. Asiongee. Mpime mara mbili, mkiachia dakika moja katikati. Azisome namba mwenyewe na aziandike mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa wiki moja. Wewe shika kalamu pale tu anaposhindwa kuona.

Namba za 140 kwa 90 kwenda juu zikipimwa kituoni ndizo ambazo kwa kawaida huitwa presha ya kupanda. Nyumbani hata 135 kwa 85 inatosha kumpeleka kwa daktari. Mzee akikaa na ukurasa uliojaa 160 na 158 kwa mwandiko wake, mashine mbovu imekwisha. Usimtafsirie. Muulize: "Baba, wewe unaionaje?"

Hatua ya 6: Akisema ndiyo, usimwache na ndiyo tupu

"Nitakwenda" ya mzee inaweza kukaa mwaka mzima. Watu wengi hapa hurudi kwenye vitisho, wanatuma picha za waliopooza kwenye kundi la familia la WhatsApp. Howard Leventhal na wenzake walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1965, kuhusu chanjo ya pepopunda. Vipeperushi vya kutisha vilibadilisha maoni: wanafunzi walisema chanjo ni muhimu. Lakini waliokwenda kuchanja walikuwa kama 3 katika kila 100. Waliopewa pia ramani ya kituo na kuelekezwa wapange saa watakayopita, walikwenda 28. Mahali kituo kilipo walikuwa wanapajua tayari. Kilichokosekana kilikuwa mpango.

Kwa hiyo papo hapo, kabla chai haijapoa, pangeni siku gani ni ya kliniki ya presha kwenye hospitali mtakayokwenda, maana nyingi zina siku zake. Mtatoka saa ngapi, kwa bodaboda au daladala. Nani atamsindikiza, na huyo ajue kwamba kazi yake ni kusindikiza, asimjibie maswali daktari anapomuuliza mzee. Kadi ya bima na kitambulisho viwekwe kwenye bahasha moja na lile daftari. Kama ana miaka 60 na kuendelea, ulizeni dirisha la wazee; na kama hana uwezo wa kulipa, ulizeni mapema ofisi ya mtaa au ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa matibabu kwa wazee.

Nauli usimpe mkononi mbele ya watu. Mpe mama, au itume jana yake kama ya "sukari na majani".

Yasiyofaa hata kama yanafanya kazi

Kuna nyumba zinasaga vidonge na kuviweka kwenye uji wa mzee bila yeye kujua. Nawaelewa, wamechoka, lakini ni vibaya kwa kila upande. Baadhi ya vidonge vimetengenezwa viyeyuke polepole, ukivisaga dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kushuka vibaya. Na siku mzee akigundua, hatakula tena uji wa mtu huyo, wala hatamwamini daktari yeyote atakayeletwa na mtu huyo.

Vivyo hivyo kumdanganya kwamba mnakwenda kumsalimia shangazi, gari likaishia hospitali. Mtafanikiwa safari moja. Presha inahitaji safari za miaka.

Kipimo changu ni hiki: jiulize kama unachofanya ungeweza kumweleza mwenyewe kesho yake bila kuinamisha macho. Daftari, mzee mwenzake, swali la maksi, yote hayo unaweza kumweleza na akacheka. Uji huwezi.

Hatua ya 7: Mwezi wa pili

Wengi huacha dawa hapa. Presha imeshuka, anajisikia vizuri, anahitimisha kwamba amepona. Usimkaripie, kwa macho yake hiyo ni akili ya kawaida, malaria ikipona si tunaacha dawa? Rudini kwenye daftari. Muulize namba zilikuwa ngapi kabla, ni ngapi sasa, na anafikiri ni nini kimezishusha. Akijibu "dawa", umemaliza. Akijibu "kitunguu saumu", muombe amwulize daktari kama anaweza kula kitunguu chake pamoja na vidonge, na mwache aulize yeye.

Fungamanisha kidonge na jambo ambalo haliachi: baada ya swala ya alfajiri, au akiweka kikombe cha chai mezani. Usifanye kazi ya kumpigia simu kila asubuhi "umemeza?", utarudi kuwa polisi. Afadhali umwombe yeye amkumbushe mtu mwingine, tuseme mdogo wake naye ana presha. Anayemkumbusha mwenziwe hukumbuka na yake.

Siku mzee mwingine kijiweni atakapomuuliza habari za kliniki, atajibu kwa kujiamini kama vile wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Meza mate, nyamaza. Usije ukatoa ile "si nilikuambia".

Na akilalamika kwamba miguu inavimba, au kikohozi kikavu hakiishi, msadiki mara moja. Amlodipine huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu, na dawa za kundi la lisinopril na captopril hujulikana kwa kikohozi. Zipo nyingine za kubadilishia. Asiache ghafla kwa uamuzi wake. Aandike malalamiko hayo juu kabisa ya ukurasa mpya wa daftari, kwa mwandiko wake, ili akiingia kwa daktari aanze nayo kabla hajaulizwa lolote.